Mhuri Usioinama

Kuna watu hudharauliwa kwa ubaya wao, na kuna watu hudharauliwa kwa sababu hata ubaya umewashinda. Wanaume wa ofisi ya kiwanda cha vijiko cha Arahata, pale mjini Tsubame, Japani, walikuwa wa aina hiyo ya pili, na Kikue aliwajua mmoja mmoja kama mpishi anavyozijua sufuria zake: ipi inavuja, ipi imelegea mpini, ipi ina kelele nyingi na ndani haina kitu.

Aliingia kazini mle nywele zake zikiwa bado nyeusi. Kwa jina alikuwa msaidizi wa ofisi. Kwa ukweli alifanya kila ambacho wanaume wale hawakutaka kufanya. Chai alipika yeye, barua alifungua yeye, majibu aliandika yeye. Na kila mnunuzi wa vijiko alipotaka kuja kutoka nchi ambayo watu wake hawaingii Japani bila viza, Kikue ndiye aliyeandaa karatasi za mwaliko: barua ya kueleza mgeni anaitiwa nini, ratiba ya siku zake zote, na ile karatasi ya udhamini, ambamo kampuni inaahidi kwamba mgeni akikwama itamlipia, na siku zake zikiisha ataondoka. Aliziandika huku anasubiri maji yachemke.

Kazi waliyojibakizia wanaume ilikuwa kugonga mihuri. Hapo sasa ndipo ungewaona, ukacheka mpaka ushike mbavu. Dokezo lolote la ofisini lilikuwa na visanduku chini, cha Mkurugenzi kushoto kabisa, kisha cha mkubwa anayemfuata, kisha cha anayemfuata huyo. Kila mtu na kimhuri chake cha jina. Mtu mwenye akili zake angegonga mhuri ukasimama. Wao la! Waliulaza kidogo upande wa kushoto, kuelekea kwa Mkurugenzi, ili jina la mtu lionekane limeinamisha kichwa mbele ya jina la bosi wake. Si utani. Kuinama kwa mwili hakukuwatosha, wakataka na wino nao uiname. Bingwa wao alikuwa Morohashi, mkuu wa utawala, mtu mwenye shingo nyembamba na soksi safi kupindukia, ambaye mhuri wake ulilala karibu kifudifudi. Kila Kikue alipouona alisonya moyoni.

Basi siku ya siku ikafika, Kikue akalazimika kwenda kuwaomba watu hao.

Shunpei, mwanawe wa pekee, alifia ng'ambo, mjini Hai Phong. Alikuwa fundi mitambo kule, akaoa kule, mkewe akiitwa Thoa, binti mwenye sauti ndogo aliyejifunza Kijapani kwa kumsikiliza mumewe akigombana na wakubwa wake kwenye simu. Mvua, pikipiki, lori. Kikue hakutaka kuambiwa zaidi ya hapo. Mwili ulichomwa kama ilivyo desturi, na Thoa akaitia mifupa ndani ya chungu, chungu ndani ya kisanduku, kisanduku ndani ya kitambaa cheupe. Kisha akapiga simu.

"Mama, nitamleta mwenyewe," alisema. "Sitaki atumwe kama kifurushi."

"Mlete, mwanangu," Kikue alijibu.

Yeye asingeweza kumfuata. Mumewe, Tetsuo, alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja umekufa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Na Agosti ilikuwa inakuja na Bon yake, siku ambazo wafu hurudi nyumbani, na kwa Shunpei hiyo ingekuwa Bon ya kwanza. Marehemu mpya hutundikiwa taa nyeupe mlangoni ili aione nyumba yao. Sasa huyu arudije, na mifupa yake ingali ng'ambo, juu ya kabati la chumba cha kupanga? Kila alipoliwaza hilo, Kikue aliweka vijiti vya kulia chini.

Kilichokwama ni viza. Ubalozini walimwambia Thoa kwamba mdhamini wake lazima awe mtu mwenye uwezo. Ujira wa Kikue ulikuwa wa kibarua, japo kibarua aliyezeekea kazini, na pensheni ya Tetsuo iliishia kwenye dawa. Ndugu hawakuwa nao. Iliyobaki ni kampuni: karatasi ile ile ya udhamini aliyokuwa akiwaandikia wageni wa watu miaka nenda miaka rudi. Mficha uchi hazai, akajisemea, akamwekea Morohashi chai mezani na kuinama.

"Bosi, samahani. Nina ombi."

Morohashi alisikiliza huku anaitikia kwa kichwa. Alipolisikia neno udhamini, akavuta hewa kwa meno, sssii, kama aliyekanyaga theluji bila viatu. Tsubame nzima inaujua mlio ule. Ni hapana ya mtu ambaye hata hapana anaiogopa.

"Pole sana kwa msiba, Bi Kikue. Sote tumeumia. Ila hili... hili ni zito kidogo."

"Ni karatasi moja, bosi. Ile ile ya siku zote."

"Najua, najua. Lakini tuseme amekuja, halafu asirudi? Akatokomea Tokyo huko akaoshe vyombo kwenye mahoteli? Jina la kampuni si litachafuka?"

"Anakuja kumzika mumewe, bosi."

"Ndivyo wanavyosema wote." Alishtushwa na maneno yake mwenyewe, akaficha uso ndani ya kikombe. "Sijakataa lakini! Usije ukasema nimekataa. Wewe andika dokezo, tutalizungusha."

Dokezo likazungushwa. Mkuu wa mauzo akasema watu wa fedha wakishagonga naye atagonga. Wa fedha wakasema mauzo wakishagonga nao watagonga. Morohashi akasema yeye hawezi kuwatangulia wenzake, huo ni utovu wa adabu. Likamrudia Kikue jeupe vilevile kama lilivyotoka, isipokuwa duara la kikombe pembeni. Na hiyo chai alipika yeye.

Mwishowe habari zikamfikia Mzee Arahata, Mkurugenzi mwenyewe, mrithi wa kiwanda cha baba yake, ambaye maishani hajang'arisha hata kijiko cha kukorogea sukari. Akaja mpaka kwenye meza ya Kikue, jambo la nadra, akasimama na mikono nyuma.

"Bi Kikue. Nimesikia. Pole, mama. Ila nielewe. Mhuri wa kampuni ni kitu kitukufu. Hauingizwi kwenye mambo binafsi."

Vichwa vikainuka mezani. Hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hakumkumbuka Bi Rosalinda wa Manila, mwimbaji wa hotelini, ambaye kampuni hii hii ilimwalika tena na tena kwa cheo cha mshauri wa masoko. Ratiba zake aliziandika Kikue. Siku ya kwanza, kuwasili. Siku ya pili, kukagua vijiko. Siku ya tatu, kukagua vijiko. Siku ya nne, kukagua uma. Ukaguzi wote ukifanyika kwenye nyumba ya wageni yenye chemchemi ya maji moto, chumba kimoja, chakula cha wawili.

"Ni kweli, Mzee," Kikue alisema kwa upole wa kisu kipya. "Basi nisaidie kidogo tu. Niige ile ratiba ya Bi Rosalinda? Naona ubalozini waliipenda sana."

Mkuu wa mauzo alipaliwa na mate. Mzee Arahata uso ulimwiva kama kamba aliyetoka kwenye sufuria. Akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Halafu akapata pa kutokea.

"Morohashi!"

"Naam, Mzee!"

"Litazame hili."

"Nalitazama, Mzee! Nalitazama!"

Akatoka. Litazame hili, katika lugha ya ofisi ile, maana yake ni lizike bila kelele. Morohashi alilichukua dokezo kwa mikono miwili, akaliweka kwenye trei yake, na juu yake akaweka tangazo la chanjo ya mafua. Kutazamwa kwenyewe kukawa huko.

"Mijitu!" Kikue aliliambia birika kule jikoni. "Nimemtukana mbele ya watu wake, na hata kunifukuza ameshindwa."

Jioni alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha Tetsuo, anamlisha uji wa wali kwa kijiko. Tetsuo alikuwa mng'arishaji vijiko wa kiwanda kile kile kabla mwili haujamsaliti, na yeye pia aliwajua watu hao vizuri. Kikue alimsimulia yote, la dokezo, la Mzee, la trei.

"Baba Shunpei, nakwambia, wale ukiwakamua wote kwa pamoja hupati mwanamume mmoja."

Tetsuo alicheka kwa upande wa mdomo uliobaki hai. Kisha akauliza, akiyatoa maneno moja moja, "Mhuri... anao... nani?"

"Wa kampuni? Si Morohashi. Kanuni inasema mtunza mhuri ni Morohashi."

"Anao... nani?"

Kijiko kilisimama hewani. Mhuri wa kampuni, ule mkubwa, ambao ukigongwa kampuni imefungika kisheria, kanuni ilisema ukae ndani ya kabati la chuma na ufunguo akae nao Morohashi. Lakini kabati lilikuwa chini kabisa sakafuni, na Morohashi, bingwa wa kuinamia watu, kuinamia kabati kulimuuma magoti. Kwanza akampa Kikue ufunguo. Baadaye akaona hata kumtuma ni usumbufu, akamwambia akae na mhuri wenyewe. Kwa hiyo mhuri ulikuwa kwenye droo ya Kikue, kando ya kopo la majani ya chai, na kila siku ya Mungu aliugonga kwenye hati za mauzo na mikataba ambayo hakuna aliyeinua kichwa kuitazama. Kampuni nzima ya wanaume ilitetemeka kugonga vimhuri vya majina yao, na mhuri wenyewe wamemwachia mpika chai!

Angeweza kucheka. Hakucheka. Masikio yalimwaka kwa aibu, kwa sababu muda wote huo alikuwa anapita meza kwa meza kuomba kitu kilichokuwa kwenye droo yake mwenyewe. Wazo lilikuwa halijamjia hata mara moja. Alikuwa anawacheka wanaoinamisha wino, na yeye ameinama miaka yote mpaka mgongo umesahau kunyooka.

"Nikigundulika watanifukuza," alisema polepole. "Na Thoa ataambiwa kaleta karatasi za kughushi. Hataingia nchi hii tena. Shunpei hatarudi kabisa, umenielewa?"

Tetsuo alimkazia jicho. Neno lililofuata lilitoka zima, kama vile mdomo wake haukuwahi kuugua.

"Gonga."

Asubuhi aliandika barua ya mwaliko bila uongo hata mmoja: mkwe wetu anakuja kumzika mumewe. Akaandika ratiba. Akaandika udhamini, mdhamini kampuni, na pale penye mtu wa kuulizwa akaweka jina la Morohashi, mtunza mhuri. Halafu akafungua droo. Wote walikuwepo. Mkuu wa mauzo alikuwa anapiga miayo, Morohashi anakata kucha juu ya gazeti. Kikue akauchovya mhuri kwenye wino, akagonga, mhuri ukakaa wima, mwekundu, haumwinamii mtu.

"Bi Kikue," mkuu wa mauzo aliita, "chai imeisha huku."

"Naleta," alisema, akailamba bahasha na kuifunga.

Kuanzia hapo kila simu ilipolia aliiwahi yeye. Alimpigia Thoa, akaambiwa karatasi zimefika na amezipeleka, anangoja. Mvua za mwezi wa sita zikapita. Nyenje wakaanza kulia mitini. Na siku moja Kikue akapokea simu, akasikia sauti ya mtu wa ubalozini, anamtaka Bwana Morohashi.

Alimpa mkonga wa simu kwa mikono miwili. Kisha akabaki amesimama pale pale na sinia lake.

"Naam! Naam, ndiye mimi," Morohashi alisema, naye ameshasimama, maana na mtu wa serikali huongei umekaa. "Udhamini? Udhamini wa... nani?" Macho yakamtoka. Yakamgeukia Kikue. Kikue aliyatazama bila kupepesa. "Mhuri? Ndiyo, ndiyo, mhuri wa kampuni natunza mimi mwenyewe. Kwenye kabati la chuma. Hakuna mwingine anayeugusa, kabisa!"

Akaubana mkonga wa simu. Alikuwa ameshajifunga kamba mwenyewe, na Kikue aliliona jambo hilo likimwingia polepole. Akisema kampuni haijamwalika mtu, ataulizwa nani kagonga. Akisema kagonga mpika chai, ataulizwa mhuri ulifikaje kwa mpika chai. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Upande wa pili wa simu ulikuwa unasubiri, na upande huu Kikue hakuwa anapumua. Bon, taa nyeupe, Shunpei, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye ulimi wa mtu huyu asiye na uti wa mgongo.

"Ndiyo," Morohashi alisema. "Tumemwalika. Kampuni inamdhamini. Naam... Naam, kwa moyo wetu wote!" Na akaiinamia simu, mpaka paji la uso likagusa kalenda ya mezani.

Alipokata alikaa kama gunia lililodondoshwa.

"Bi Kikue."

"Naam, bosi."

"Lile dokezo... liko wapi vile?"

"Chini ya tangazo la mafua, bosi."

Akalitoa. Akaandika tarehe ya zamani. Akagonga kimhuri chake, kimelala kuliko siku zote. Kisha akakimbia nalo kwa mkuu wa mauzo, wakanong'ona, likagongwa. Likakimbizwa fedha, likagongwa. Kabla ya chakula cha mchana Mzee Arahata naye alikuwa amegonga, maana afadhali aonekane karidhia kuliko ijulikane kwamba kampuni yake inaahidi mambo yeye hana habari. Vimhuri vyote vikawa vimepangana vinainamiana pale chini. Na hakuna aliyemuuliza Kikue hata neno moja. Kuuliza ni kujua, na kujua ni kuwajibika.

Thoa alifika siku ya kwanza ya Bon. Aliteremka kwenye teksi na kile kisanduku amekining'iniza shingoni kwa kitambaa cheupe, amekikumbatia kwa mikono yote. Taa ilikuwa tayari mlangoni. Majirani walikuwa wamesimama uani kimya. Kikue alishuka ngazi pekupeku, lakini kabla hajamfikia, likaingia gari jeusi.

Hao hapo. Mzee Arahata, Morohashi, mkuu wa mauzo, suti nyeusi na jasho, bahasha ya rambirambi mbele.

"Majirani," Mzee Arahata alianza, kwa sauti ya mikutano, "tulipousikia msiba huu, sikusita hata kidogo. Nilimwambia Morohashi: binti huyu aletwe. Kampuni ya Arahata haimwachi mtu wake."

"Kweli kabisa, Mzee," alisema Morohashi. "Mimi mwenyewe nilikuwepo."

Thoa alilisikia jina la Arahata. Ndilo aliloliona kwenye karatasi yake, chini ya mhuri mwekundu. Maskini, akaamini. Akapiga magoti pale pale kwenye kokoto, mume wake kifuani, akaanza kuteremsha kichwa kushukuru. Mzee Arahata alikuwa ameshaanza kuinua mkono wa kusema si kitu, si kitu.

Kikue alimdaka Thoa kwapani kabla paji halijafika chini.

"Inuka, mwanangu," alisema, na kila jirani akasikia. "Hawa nafanya nao kazi tu. Mlete Shunpei ndani, baba yake anamngoja."

Tetsuo alikuwa ameegemezwa kwa mito. Mkono wake mzima uliushika ule ukingo wa kitambaa, ukauminya, usiuachie, na sauti iliyomtoka haikuwa neno. Thoa alilia hatimaye. Kikue alilia naye, mkono mgongoni mwake, mpaka wakatulia.

Nje wale watatu walikuwa wamejikalisha barazani wenyewe kwenye mito ya wageni. Joto lilikuwa kali. Walijifuta shingo, wakangoja kama walivyozoea kungoja. Mmoja akakohoa kikohozi cha mtu mwenye kiu. Baada ya kitambo ikasikika sauti ya Morohashi.

"Bi Kikue? Bi Kikue... tuko hapa."

Birika lilikuwa linachemka. Kikue alimimina vikombe vinne: cha Tetsuo, cha Thoa, chake mwenyewe, na kimoja akakiweka mbele ya kisanduku cheupe, moshi wake unapanda. Kisha akazima jiko.